Lori la Zamani Likigoma Kuwaka: Anzia Kwenye Betri, Pampu Iguse Mwisho

Ukisimama Changamwe, Mombasa, alfajiri, kabla matatu hazijaanza kugombania abiria, utasikia malori yakiamshwa moja moja. Mengi hushika. Halikosi kuwapo moja linalogoma, na kabla hata kabini haijainuliwa kuna mtu ashatoa hukumu: "Pampu hiyo."

Nimekula vumbi la malori ya dizeli miaka mingi upande huu wa Magongo, na pampu za kupulizia mafuta kwenye injini nilizozikuta mbovu kweli ni chache kuliko waya za athi (za kurudishia umeme kwenye betri) zilizooza. Lakini pampu ndiyo husingiziwa, kwa sababu ndiyo yenye pesa. Ikishafunguliwa, tajiri hana njia ya kurudi nyuma. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanza na vitu vya bure, unapita vya bei rahisi, na pampu unaikuta mwisho kabisa.

Nazungumzia magari ya kizamani yenye pampu ya kimekanika: Canter za injini ya 4D32 na 4D33, Isuzu NPR na FRR za zamani, Fuso, Dyna. Lori la kisasa lenye kompyuta na sensa kila mahali lipeleke kwa mwenye mashine ya kusomea. Hapa hautapata dawa yake.

Kabla ya kugusa chochote

Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe vigingi mbele na nyuma. Mawe si mabaya. Kabini ikiinuliwa, hakikisha fimbo yake imeingia na kufunga. Nimeona kabini ikishuka yenyewe na aliyekuwa chini akaponea chupuchupu. Vua pete na saa. Spana iliyo kwenye chanya ya betri ikigusa pete yako, nayo pete ikagusa chuma cha gari, kidole kinaungua hadi mfupa. Na sigara iwekwe mbali, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Uliza kwanza, kisha sikiliza

Juzi nililetewa Canter iliyokuwa imetoka kushusha vitunguu Kongowea. Nikamuuliza utingo:

"Jana mlilizima wapi?"

"Lilizima lenyewe, fundi."

"Ghafla, au lilianza kuchoka?"

"Lilikohoa kohoa tangu Makupa, kufika Kibarani likafa."

Maneno hayo yalinitosha kuacha betri kwa muda na kwenda kwenye mafuta. Gari linalokohoa kabla ya kufa linakosa mafuta au linavuta hewa. Lililozimwa vizuri jioni na asubuhi likakataa ni habari nyingine. Lililokufa ghafla kama taa, bila kukohoa, tazama kifaa cha kuzimia injini (kinachokata mafuta) na umeme wake.

Kisha geuza ufunguo na usikilize. Stata, ile mota ya kuzungushia injini, husema mambo matano:

Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hazipo: umeme hautoki kwenye betri. Tazama vichwa vya betri, swichi kuu na fyuzi kubwa.

Taa zipo, unasikia "tak" moja kisha kimya: solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inavuta lakini nguvu haitoshi kuzungusha. Ni betri, ni athi, au stata yenyewe imekula kaboni (brashi zake za ndani).

"Ngu… ngu… nguuu," inazunguka kwa uvivu: betri au waya. Dizeli haina plagi ya cheche; huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Injini isipozunguka kama mara 100 hadi 200 kwa dakika, joto hilo halipatikani, hata pampu iwe mpya.

Inazunguka kwa nguvu zake zote lakini haishiki: umeme uache, nenda kwenye mafuta.

Ya tano ni mbaya. Inaanza kuzunguka, halafu "gong!" inasimama kama imegonga ukuta. Acha hapo hapo. Nitairudia.

Na usishikilie ufunguo kama unayekamua nguo. Sekunde 10, zikizidi sana 15, kisha iache stata ipoe dakika moja mbili. Stata nyingi huungua asubuhi moja tu, tena mikononi mwa dereva mwenye haraka ya kuwahi zamu bandarini.

Betri na chumvi ya bahari

Hapa nitakaa, kwa sababu Mombasa si Nairobi. Upepo wetu una chumvi, na chumvi na shaba hazipatani. Kichwa cha betri kinaweza kung'aa juu, lakini ndani ya kibano kuna ukoko mweupe na kijani unaozuia umeme. Fungua vibano vyote, vya betri zote mbili. Mwagia maji ya moto yenye magadi. Yakitoa povu ujue yanafanya kazi. Sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae, kausha, funga kwa nguvu, kisha paka grisi au mafuta ya mgando kwa juu. Ukipaka kabla ya kufunga umejenga kizuizi kingine.

Sasa chukua mita. Malori haya mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo. Zikiwa zimetulia na zimejaa, kila moja husoma karibu 12.6, zote mbili 25.2. Ukiona 24.4 zimefika nusu. Chini ya 24 usihangaike na kitu kingine, zichaji kwanza. Halafu mtu apige stata huku wewe unatazama mita: zikianguka chini ya 19, betri zimechoka, au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Pima kila betri peke yake. Ndipo utakapokutana na ugonjwa wetu mkubwa: mtu alitaka redio ya volti 12, au chaja ya simu, au taa za rangi za kupamba kabini, akachukua waya kutoka betri moja tu. Betri hiyo hunyonywa kila siku, na alteneta, inayoziona mbili kama kitu kimoja, inaijaza pungufu huku ikiichemsha mwenziwe. Baada ya miezi michache moja inasoma 12.6 na nyingine 11.4, na mwenye gari anasema betri za siku hizi ni feki. Ondoa waya huo. Redio itafutiwe kipunguza volti chake. Na ukinunua betri, nunua mbili za aina moja kwa siku moja. Ukichanganya kuukuu na mpya, kuukuu itaiua mpya.

Athi. Huu ni waya mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chesi, na mwingine unaounganisha chesi na injini. Huo wa pili husahauliwa kwa kuwa umejificha chini, karibu na giaboksi, mahali maji ya barabarani yanaporuka. Jaribio lake ni rahisi. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi, si kwenye kibano. Ncha nyingine iweke kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, athi imeoza. Huna mita? Chukua waya mnene wa kushtulia, funga kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini moja kwa moja, kisha piga. Lori likiamka kama limeitwa jina lake, umeupata ugonjwa, na dawa yake ni waya mmoja na bolti mbili.

Kuna lori nililohangaika nalo siku mbili nikiwa kijana. Nilitoa stata, nikaibadilisha kaboni, nikairudisha, uvivu ule ule. Waya wa athi niliutazama mara tatu nikauona mzima. Mzee mmoja alikuja, akaukunja kwa mikono miwili, ukasikika kama unakanyaga makombo ya mkate. Ndani ya mpira shaba yote ilikuwa unga wa kijani. Tangu siku hiyo waya siutazami, naukunja.

Kushtua kutoka gari jingine: 24 kwa 24 tu. Usiombe umeme kwa teksi ya volti 12. Chanya kwa chanya kwanza, na waya wa mwisho, wa hasi, uufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, ili cheche isitokee juu ya ile gesi.

Umeme upo, stata haigeuki

Wapo wanaochukua bisibisi na kuunganisha nati mbili za stata. Huwa inafanya kazi. Pia inaua, maana lori la kimekanika likiwa kwenye gia litawaka na kutembea na wewe uko mbele ya gurudumu. Kama ni lazima, hakikisha tena gia na vigingi, na usimame pembeni. Stata ikizunguka kwa njia hiyo, basi yenyewe ni nzima. Tatizo ni swichi ya ufunguo, rilei au waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi. Isipozunguka na umeme unafika, ifungue: kaboni, bushi, bendiksi (gia ndogo inayoshika injini).

Usisahau kuuliza kuhusu traka. Malori mengi ya kwenda bara yamefungwa kifaa cha kufuatilia, na baadhi kina rilei ya kukata stata au mafuta. Nimewahi kutoa jasho saa tatu chini ya lori, kumbe tajiri alikuwa amelizima kwa simu kwa sababu ya ugomvi na dereva. Dereva alijua, akanyamaza.

Inazunguka vizuri lakini haishiki: tazama moshi

Mweke utingo nyuma, atazame bomba la moshi wakati unapiga stata.

Hakuna moshi hata kidogo: mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe unaochoma macho: mafuta yanafika, hayawaki. Moshi mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo.

Kwa lori lisilo na moshi, anzia kwenye tangi. Geji hudanganya, chovya kijiti. Kisha tazama kifuniko. Ile Canter ya Kibarani ilikuwa imeibiwa kifuniko, na utingo akaziba mdomo wa tangi kwa karatasi ya plastiki na mpira wa tyubu, kazi safi isiyopitisha hata pumzi. Nilipokata mpira tangi likavuta hewa "fyuuu" kama mtu aliyezibwa pua. Mafuta yanapotoka lazima hewa iingie. Isipoingia, pampu inanyonya hadi inashindwa, na gari linakohoa kutoka Makupa hadi Kibarani. Ilibaki kutoa upepo tu, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta, tukawasha. Vifuniko vya kawaida vina tundu dogo la kupumulia. Lizibuliwe likiwa na tope.

Kisha kifaa cha kuzimia. Pampu ya mviringo, ile ambayo mabomba yake hutoka kwa duara, ina solenoidi ndogo juu yake: fungua ufunguo, utasikia "tik." Usiposikia, pima kama umeme unafika kwenye waya wake. Pampu ya mstari, ile ambayo mabomba yake yamejipanga mstari mmoja, ina mkono unaovutwa na kebo au mota. Ukikwama upande wa kuzima, utapiga stata hadi kesho. Usogeze kwa kidole uone unarudi wenyewe. Kutu ya pwani huukamata, hasa lori likisimama wiki mbili.

Maji. Tangi lililoachwa nusu usiku kucha hutoa jasho ndani, na mvua za Aprili na Mei huongeza yake. Fungua koki ya chini ya filta na ukinge kwenye chupa nyeupe ya soda. Iache dakika kumi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na utaona mstari. Ukikuta na utelezi mweusi kama makamasi, hivyo ni vijidudu vinavyoishi kati ya maji na dizeli, na hapa kwetu joto linavifaa. Kubadilisha filta pekee hakutoshi. Tangi lishushwe lioshwe.

Filta ikiwa safi na mafuta yapo, toa upepo:

1. Legeza skrubu ya juu ya filta, kwa kawaida spana namba 10 au 12.
2. Bonyeza pampu ndogo ya mkono taratibu. Yatatoka mapovu, kisha mafuta yenye mapovu, kisha mafuta matupu. Funga huku unaendelea kupampu.
3. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa kama ipo.
4. Legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili (vile vipuliza mafuta vya kila silinda), namba 17 au 19, nusu mzunguko tu. Piga stata hadi mafuta yaruke kwa mapigo. Funga, piga tena.

Mkono na uso vikae mbali na nati hizo. Nozeli hufunguka kwa presha ambayo mara nyingi hupita bar 150, na dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi kama sindano. Ikimpata mtu, hata tundu likionekana dogo, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kesho.

Sasa, kama lori linashika vizuri ukipampu lakini kila asubuhi linarudia kugoma, hasa likilazwa pua juu kwenye mlima wa Mazeras, mafuta yanarudi tangini usiku. Mahali fulani kati ya tangi na pampu hewa inaingia: mpira uliopasuka, kibano kilicholegea, pete ya shaba ya kuzibia (washa) iliyotumika mara ya kumi. Tundu la upande wa kunyonya halidondoshi mafuta, ndiyo maana halionekani.

Dawa ya kulitafuta ni dripu. Chukua jerikeni safi la lita tano, tia dizeli, ulitundike juu kuliko injini, na mpira wake uingie moja kwa moja kwenye pampu ndogo ya kuvutia. Rudisho nalo lielekeze kwenye jerikeni. Toa upepo, washa. Likiwaka na kunguruma vizuri kwa dripu, basi pampu kubwa na nozeli zimeshajitetea. Mgonjwa ni bomba, mpira au tangi. Jaribio hili moja limeokoa pampu nyingi kupelekwa benchi bure.

Moshi mweupe, na hewa

Moshi mweupe kwenye joto letu usikubali kuambiwa ni baridi. Injini inayopuliza mafuta moja kwa moja kwenye pistoni haihitaji hita ili iwake Mombasa. Zile zenye chumba cha pembeni, kama injini za Toyota 2L na 3L, zinahitaji plagi zake za joto hata huku. Pima kila moja. Na kwa gari lenye hita au plagi hizo, usipulizie etha ya kopo. Inalipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Hizo hizo 2L na 3L zina mkanda wa taimingi, unaoendesha valvu kwa wakati wake. Ukikatika, stata huzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina kitu ndani. Usipige tena, valvu zinagonga pistoni.

Kama mafuta yanafika bila hewa na nozeli ni nzima, pima mbano wa hewa ndani ya silinda. Injini ya dizeli yenye afya hutoa takriban bar 25 hadi 30 kila silinda. Chini ya 20 kuwasha ni tabu, na silinda moja ikiachana mbali na wenziwe, tafuta valvu, ringi au gasketi.

Kwa hewa, yaani ule moshi mweusi: filta za malori yanayobeba saruji na klinka (malighafi ya saruji) huziba mapema, na ndani ya bomba nimewahi kukuta kiota cha panya. Lakini chunguza pia breki ya moshi, ile sahani iliyo kwenye bomba la ekzosi. Ikikamatwa na kutu ikiwa imefunga, injini haina pa kutolea pumzi na haitashika. Watu wachache huiangalia, ilhali kuisogeza ni kazi ya dakika mbili.

Ile "gong"

Lori likipita kwenye maji ya mvua yakafika kwenye bomba la hewa, au gasketi ikivuja usiku kucha, maji hukaa juu ya pistoni. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Ukilazimisha stata au ukivuta kwa lori jingine, konrodi, ile fimbo ya pistoni, inapinda. Toa nozeli zote, zungusha injini kwa spana, kisha kwa stata, uone ni silinda gani inatema maji, ya mvua au ya rejeta.

Sasa pampu

Mafuta safi yanafika mlangoni mwake bila hewa, mkono wa kuzimia uko wazi, dripu imeshindwa, na kwenye nati za nozeli hakuna kinachoruka ila matone. Hapo ndipo pampu inatoka. Pia ile ya mviringo inayowaka asubuhi lakini ikipata joto hugoma: ifunike kitambaa kilicholowa maji ya kawaida dakika chache. Ikishika baada ya kupoa, hedi yake (sehemu inayogawa mafuta) imelika. Kabla ya kulegeza bolti, piga alama ya patasi kwenye pampu na bodi yake, mstari mmoja unaopita vyote viwili, usijefunga taimingi (wakati wa kupuliza mafuta) kwa kubahatisha. Ipelekwe kwa mwenye benchi ya kupimia, na udai kuona vipuri vilivyotolewa.

Lori likishika, usimwachie dereva ufunguo bado. Mita irudi kwenye betri, injini ikiwa juu kidogo ya sailensa (mzunguko wa bila kukanyaga mafuta): isome kati ya 27.5 na 28.5. Ikibaki 24 na pointi, alteneta haichaji, na kesho alfajiri mtakuwa hapo hapo.